Tumesikia: neno moja, maana nyingi, na ardhi yetu



Leo ninaleta neno moja tu, tena neno ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua: kusikia. Mimi nimesoma agronomi, sikusoma lugha, na mtu anaweza kuniuliza juu ya nini mtu wa udongo anaingia katika mambo ya maneno. Jibu langu ni fupi. Katika kazi yetu ya mashamba, hekta mingi zimebadilisha mwenyewe juu ya neno hili. Mzee mmoja anasema "tumesikia", mtu wa ofisi anaandika kitu kingine, na miaka mitano kisha hapo watu wanashikana mapanga. Kwa hiyo tulichimbe neno hili kidogo, sawa vile tunachimba udongo mbele ya kupanda.

Tuanzie nyumbani

Kiswahili chetu cha Kisangani kinatumia kusikia kwa karibu yote ambayo mwili unapata, isipokuwa kuona. Nasikia kelele: hilo ni sikio. Nasikia baridi: hiyo ni ngozi. Nasikia njaa, nasikia uchungu: hapo ni tumbo na moyo. Nasikia harufu ya samaki inaungua: hiyo ni pua. Halafu mgeni akifika, tunamuuliza "Unasikia Kiswahili?", maana yake je, unaelewa lugha? Na mama akisema "ule mtoto hasikii", masikio ya mtoto ni mazima kabisa. Shida ni kwamba hatii. Methali ya zamani, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, inazungumza juu ya kutii, haizungumzi juu ya dawa ya masikio.

Kisha neno linazaa watoto. Kusikiliza ni kutega sikio kwa makusudi. Kusikilizana ni kupatana: muuza samaki na mnunuzi pale sokoni, wakisha kusikilizana, bei imekwisha. Ndugu wawili wasiosikilizana, wanaweza kuwa wanaongea kila siku kwa sauti kubwa, lakini hawapatani.

Lingala, ambayo watu wengi wa mji wanaongea, inafanya vilevile. Koyoka ni kupata sauti, ni kuelewa, ni kupata baridi ao njaa, ni kutii. Koyokana ni kupatana, na boyokani ni mapatano. Basi mtu wa Kisangani anabeba neno hili mara mbili, katika lugha mbili, na maana zinafuatana.

Muweke hii akilini: kusikia peke yake inaweza kuwa kupata sauti, kuelewa, ao kutii. Kukubali inataka kusikilizana, na kusikilizana inataka watu wawili. Mtu mmoja hawezi kusikilizana peke yake.

Kifaransa nacho kina ukoo wake

Sisi wote wa lisanse tumekaa miaka ndani ya "auditoire". Wengine tumekaa chini, kwenye tofali, juu viti havikutosha. Neno hilo linatoka kwa Kilatini, audire, ndiyo kusikia. Auditoire ni mahali pa kusikia. Kutoka mzizi uleule tuna "audience" ya tribinali, pale hakimu anasikiliza kesi. Tuna "audit" ya hesabu, kwa sababu zamani hesabu zilisomwa kwa sauti na mkaguzi akazisikiliza. Tuna "audition", kumsikiliza mtu na kuandika anachosema. Na tuna "auditorat militaire", ofisi ya mashtaka ya wanajeshi. Mtu akiambiwa kama anaitwa auditorat, magoti yanalegea. Lakini ukifuata mzizi wa neno, ni nyumba ya kusikilizia.

Hata "obéir", kutii, ni mtoto wa audire. Kilatini kilisema oboedire, kutega sikio kuelekea mtu. Maana yake wazee wa Roma na mama wa Mangobo wanakutana: mwenye kutii ni mwenye kusikia. Na "s'entendre" kwa Kifaransa ni kusikilizana, pia kupatana. Lugha hizi hazikuambiana. Inaonekana wanadamu mahali mingi walifikia wazo moja, kama sikio ni mlango wa mambo matatu: habari, amri na mapatano. Hatari inaanza pale mtu anapochagua mlango mmoja na kujifanya kama ndiyo ile mwengine aliufungua.

Mto uliokuwa unasikia

Sasa historia. Mwezi wa kwanza wa 1877, Stanley alishuka na mitumbwi yake kupita maporomoko ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake. Katika kitabu chake cha 1878 aliandika kama watu wa hapa walipashana habari kwa ngoma kubwa za mbao, na kwamba ngoma hizo zilieleweka kwao sawa maneno ya mdomo. Mbele mtumbwi wake haujafika kijiji, kijiji kilikuwa kimesha kujua.

Ngoma ile Walokele wanaiita bongungu. Ni gogo lililotobolewa ndani, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwengine ya chini. Hakuna ngozi. Kilokele, sawa lugha mingi za kwetu, ni lugha ya sauti za juu na za chini, na maana inabadilika pamoja nazo. Mmisionari wa Kibatisti, John Carrington, aliyefika Yakusu mwaka wa 1938 na kutoa kitabu juu ya ngoma hizi mwaka wa 1949, alitoa mfano ambao wanafunzi wake hawakusahau: sentensi moja ya Kilokele, ukikosea sauti tu, inatoka "alitazama ukingo wa mto" inakuwa "alimpika mama mkwe wake". Jaribuni kuwaza mgeni anayehubiri bila kujua hiyo.

Lakini ngoma ilikuwa na shida yake. Inatoa sauti ya juu na ya chini, haitoi herufi. Basi maneno mingi yanafanana. Mwezi, kuku, na aina moja ya samaki, kwa ngoma yote ni mapigo mamoja. Wazee walifanya nini? Hawakupiga neno peke yake. Walipiga neno pamoja na sentensi fupi ya kulifunga: mwezi ule unaotazama dunia kutoka juu, na kuku na samaki kila mmoja na sentensi yake. Ujumbe ulikuwa mrefu mara nyingi kuliko maneno ya mdomo, lakini kijiji cha ngambo kilipata maana moja, hakikupata tatu.

Mimi naiona hii kama sayansi. Wazee wa mto walijua kama sauti inaweza kufika na maana isifike. Hawakumlaumu msikilizaji. Waliongeza maneno mpaka kosa halina nafasi. Tushike hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye karatasi za serikali.

Ardhi "tupu"

Kiswahili chenyewe kilifika hapa na wafanyabiashara wa Zanzibar na Wangwana wao. Mwaka wa 1887 Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Léopold, mpaka vita ya 1892 hadi 1894 ilipovunja nguvu ya Waarabu. Lugha ilibaki. Ilibaki sokoni, kwa askari, kwa jikoni. Na ndani ya lugha ya amri, kusikia ilisukumwa upande mmoja: utii.

Lakini kwa mtu wa agronomi, tarehe kubwa ni 1 Julai 1885. Siku ile dola mpya ilitoa ordonansi: ardhi tupu ni ya dola. Ordonansi ileile ilisema hakuna mwenye haki ya kuwaondoa wenyeji kwenye ardhi wanayokaa. Inaonekana nzuri. Swali ni moja: ardhi gani ni tupu?

Wenzangu wa mashamba, mnajua jibu. Katika msitu wa Tshopo mtu analima mupunga na muhogo na ndizi kwa miaka miwili, mitatu, kisha analaza shamba. Analilaza miaka kumi, kumi na mitano, wakati mwengine zaidi. Msitu unarudi, majani yanaanguka, udongo unapata nguvu tena. Mtu asiyejua akipita pale mwaka wa nane, anaona pori. Mwenyewe akipita, anaona shamba la baba yake linapumzika, na anaweza kuonyesha mungazi ambao babu alipanda. Kwa macho ardhi ni tupu. Ili kujua kama haiko tupu, unapaswa kusikiliza mtu.

Na wataalamu walikuja kujua. Taasisi ya INEAC iliundwa mwaka wa 1933, kituo chake kikubwa Yangambi, kama kilometa mia moja chini ya mto kutoka hapa. Katika nchi ya Waturumbu, karibu na Yangambi, INEAC ilijaribu mpango wa kulima kwa vichochoro: mashamba marefu yaliyonyooka, yanayofuatana mwaka kwa mwaka, na msitu wa kupumzisha kati yao. Ukiangalia vizuri, ile ilikuwa desturi ya wakulima wenyewe, imepigwa rula. Sayansi ya wakoloni ilikubali kama kulaza shamba kuna akili.

Lakini kukubali akili ya mkulima na kumsikiliza mkulima ni mambo mawili. Wakati uleule, sheria ya 1933 ililazimisha wanakijiji kazi mpaka siku 60 kwa mwaka, pamba, mupunga, barabara. Wakati wa vita, 1942, zikawa 120. Mkulima alitakiwa kusikia. Hakuna aliyemuuliza kama wamesikilizana.

"Audition" katika sheria

Mwaka wa 1934 utawala wa Ubelgiji ulitoa dekreti ya kufanya uchunguzi mbele ya kutangaza kama ardhi ni tupu. Kisha uhuru, kisha sheria ya Bakajika ya 1966, na mwishowe sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ambayo kila mwanafunzi wa agronomi amekutana nayo kwenye mtihani. Kuanzia kifungu 193, sheria hiyo inasema ardhi ya kijijini haiwezi kutolewa bila uchunguzi. Na uchunguzi una mambo yake: kukagua mipaka, kuhesabu watu walioko ama wanaofanya kazi pale, kueleza vitu vilivyomo, na "audition" ya watu wanaotoa malalamiko yao kwa mdomo.

Basi neno letu liko ndani ya sheria. Kusikiliza si zawadi ya mkubwa wa ofisi, ni lazima. Ila sheria ileile, kifungu 389, ilisema haki za wenyeji juu ya ardhi yao zitapangwa na ordonansi ya Rais, na miaka zaidi ya 40 ilipita ordonansi ile haijatoka. Mtu anasikilizwa, lakini haki ambayo anakuja kuitetea haijaandikwa mahali.

Sasa nieleze kitu nilichoona. Nilikuwa kwenye uchunguzi mmoja, kijiji fulani cha mkoa wetu, sitataja jina wala ofisi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mingazi, miti ya matunda na mashamba ya muhogo. Mkubwa wa ujumbe alisoma karatasi ya Kifaransa, mwengine akatafsiri kwa Lingala, haraka haraka, juu mvua ilikuwa inakuja. Watu walikaa kimya. Kisha mzee mmoja akasimama, akafuta mikono, akasema: "Tumesikia." Akakaa.

Ndani ya PV iliandikwa kama wenyeji hawana pingamizi.

Jioni nilimuuliza yule mzee, "Papa, mumekubali kutoa ardhi?" Alinitazama sawa mtu anatazama mtoto. "Tumesikia ni tumesikia," akasema. "Mgeni ameleta maneno, tumeyapokea. Kujibu bado. Kujibu kunataka wenye ardhi wakae, na wengine wako ngambo."

Ona basi. Mzee alitumia maana ya kwanza, kupata sauti. Mwandishi alisoma maana ya mwisho, mapatano. Pengine hakuna aliyedanganya. Lakini neno lilivuka kutoka mdomo kwenda karatasi bila sentensi ya kulifunga, ile ambayo wapiga bongungu hawakuacha hata siku moja.

Lubunga na La Haye

Kuna watu watasema, mwanafunzi huyu anakuza mambo. Tuangalie ngambo basi. Lubunga ni komini pekee ya mji wetu iliyoko upande wa kushoto wa mto. Tangu Februari 2023, Wambole na Walengola, watu waliooana na kuuziana sokoni miaka na miaka, waliingia katika vita juu ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Kila upande ulisema ardhi ni ya wazee wake na wengine hawakuwa na haki ya kuitoa. Watu wengi walikufa, vijiji viliungua, maelfu walivuka mto wakakaa kambini na kwa familia. Mimi si hakimu, sitasema nani ana haki. Ninasema jambo ambalo agronomi anaweza kusema: swali la nani alisikilizwa na nani hakusikilizwa linapaswa kumalizika mbele ya trakta kufika. Likibaki wazi, halilali sawa shamba. Linaota.

Na kuna mfano mwengine, mkubwa zaidi. Kuanzia 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Wazazi wetu walisikia ile vita kwa masikio, kwa ngozi, kwa tumbo; siku sita za mabomu, watu wakiwa chini ya vitanda bila maji. Kongo ilimpeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule La Haye, na tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ilisema Uganda ina hatia. Aprili 2021 zikafanyika "audience" juu ya malipo. Tarehe 9 Februari 2022 hukumu ikatoka: dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka.

Katika audience ile waliongea maavoka wa nchi mbili. Ndivyo mahakama ile inavyofanya kazi, inasikiliza nchi, haisikilizi mama wa Tshopo ao wa Makiso. Kwa hiyo mtu aliyesikia mabomu alibaki kungoja asikilizwe mahali pengine, na mfuko wa FRIVAO uliowekwa na serikali yetu kwa ajili ya malipo ndio ukawa mlango wake. Mwenye kupita karibu na watu wale, wenye kushika vijifolda vya karatasi zilizochakaa, anajua kama miaka zaidi ya 20 ni mirefu kungoja sikio.

Tufanye nini sisi

Wengi wetu tutafanya kazi na miradi, na ofisi za ardhi, na makampuni ya kakao na mingazi. Tangu dekreti ya 2 Agosti 2014 vijiji vinaweza pia kuomba msitu wao wenyewe kama konsesio ya jamii, na huko vilevile kuna mikutano, na PV, na saini. Sisi ndio tutashika kalamu. Mambo manne basi, kwa ufupi.

Moja: andika neno lenyewe. Mzee akisema "tumesikia", andika "tumesikia", katika lugha yake, na pembeni uandike maana aliyoieleza yeye. Usimtafsirie moyo.

Mbili: uliza kinyume. Badala ya kuuliza "Mumesikia?", uliza "Mumesikia nini?" Mtu akikuelezea kwa maneno yake, utajua kama ni sauti tu imefika ama na maana. Mwalimu mzuri wa auditoire anafanya hivyo.

Tatu: tafuta wenye kulima. Katika vijiji vyetu mwenye kujua shamba gani limelala na tangu mwaka gani, mara mingi ni mama. Kwenye mkutano anakaa nyuma na watoto, haongei. Mfuate kwenye shamba lake, ndipo audition ya kweli.

Ine: acha siku zipite. Kusikia ni ya leo, kusikilizana ni ya kesho ao ya mwezi kesho. Karatasi inayosainiwa siku ileile iliyosomwa inaonyesha tu kama wenyeji ni wapole kwa wageni.

Wazee wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mara mingi methali hii inatupiwa mwanakijiji, kama ndiye anakataa maendeleo. Mimi ningependa tuigeuze siku moja kwa upande wa ofisi, na kwa upande wetu wenye diploma, tujiulize sikio letu liko hai namna gani.

Na wenye kujua Kimbole, Kilengola, Kiturumbu, Kilokele, Kikumu: kwenu kusikia inasemwa namna gani, na kukubali inasemwa namna gani? Je, ni neno moja ao mawili? Andikeni hapa chini. Siku moja mtu wa ofisi atahitaji orodha hiyo mbele ya kufungua kalamu yake.